Ambokile Alipokwenda Kuulizia Mahali

Mwezi uliopita Tuli alikuja kunitembelea kutoka Moshi, anakoishi na binti yake tangu alipostaafu, na kabla hajavua hata viatu alikuwa ameshaanza kuwasimulia wajukuu wangu habari za mwaka ule wa bendi. Tuli anajua kusimulia, haki yake sitamnyima, ila anasimulia uongo. Kwake yeye mvua inanyesha siku ambayo kulikuwa na jua kali, na mimi nalia pale ambapo nakumbuka kabisa nilikuwa natafuna karanga. Wajukuu walicheka hadi wakakohoa, nami nikanyamaza kwa sababu mgeni ni mgeni. Lakini alipopanda basi kurudi kwao nilijiambia kwamba mambo haya yakibaki mdomoni mwa Tuli, baada ya muda itasemwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiimba. Basi nayaandika mwenyewe, kama yalivyokuwa, mwaka niliotimiza miaka hamsini na mbili.

Wakati ule nilikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari pale Iyunga, Mbeya, na nilikuwa mjane wa miaka minne. Ujane wenyewe nilikuwa nimeuzoea. Nilichoshindwa kuzoea ni sura za watu. Usharikani kwetu kila aliyenisalimia aliinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza kitu, akasema pole mama, hata kama nilikuwa nimetoka kununua nyanya tu. Siku za wiki zilikuwa na kazi zake: kengele ya alfajiri, foleni ya uji, wasichana wanaojifanya wagonjwa siku ya mtihani, taa kuzimwa. Jumamosi mchana zamu yangu ilikwisha, na uhuru huo sikujua niuweke wapi. Nilikuwa nafua. Nikimaliza nguo chafu nafua safi. Siku moja Tuli, mwalimu wa hesabu tuliyepakana naye ukuta, alinikuta nimeloweka mapazia niliyoyafua Jumamosi iliyotangulia, akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Aliniuliza mapazia hayo yamenikosea nini. Kisha akaniambia nivae sweta, tunatoka.

Alinipeleka kwenye bustani moja ya vinywaji chini kidogo ya barabara kuu, ambayo mwenyewe alikuwa ameiacha migomba isimame katikati ya meza, kwa hiyo uliweza kukaa na jani la mgomba likakupiga kofi upepo ukivuma. Kulikuwa na jiko la kuchomea ndizi na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, moshi wake ukitembelea meza zote bila ubaguzi. Mbele, juu ya jukwaa la mbao, bendi ya wanaume watano wa makamo ilikuwa ikipiga muziki wa dansi wa zamani, na kwa kuwa baridi ya Mbeya haina adabu kwa mtu aliyesimama, wote walikuwa wamevaa masweta ya kufuma. Watu wa Iyunga waliwaita Wazee wa Sweta. Mpiga besi alikuwa na tabia ya kufumba macho tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, na meza ya jirani yetu ilikuwa na wanaume wawili waliobishana kila Jumamosi kama amelala au hajalala. Mmoja alisema mtu hawezi kulala vidole vikatembea. Mwenzake akajibu kuwa mke wake hufuma akiwa amelala. Nilisikia hilo nikacheka, na kicheko changu kilinishtua mwenyewe, maana kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokikumbuka.

Mezani kwetu alikuwapo mtu wa tatu. Tuli alinijulisha kwamba ni Ambokile, Mnyakyusa mwenzake, ana mashine ya kukoboa mpunga huko Ubaruku na huja mjini mwisho wa wiki. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, amefiwa na mkewe zamani, na wimbo ulipokuwa ukiendelea hazungumzi hata ukimkanyaga. Nilijiandaa kupewa pole. Wimbo ulipokwisha alinigeukia, akatazama sahani yangu ya kitimoto, akaniuliza, "Wewe unakula ngozi? Kama huli, nipe." Nikampa. Huo ndio uliokuwa mwanzo wetu, na hadi leo sijapata kuambiwa neno la heshima kuliko lile. Baadaye alisimama, akapangusa mikono kwa leso, akanyoosha kiganja bila kusema chochote, tukaenda kucheza. Alicheza kwa mabega tu, miguu ameipumzisha, kama mtu anayepepeta mpunga.

Basi Jumamosi zikawa na sura. Saa nane tunakutana, Tuli anaagiza ndizi, Ambokile anakula ngozi yangu, bendi inaanza kwa kuchelewa, tunacheza hadi jua linapoegemea milima, kisha kila mtu anakwenda kwake, mimi nikirudi bwenini nanuka moshi. Mara moja tulikwenda na bendi nzima kuona Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto kule Kiwira, mpiga besi akafumba macho hata pale, na Tuli akamwuliza kama anayaona maji kwa masikio. Hatukufanya lolote ambalo ningemficha mchungaji. Lakini mwimbaji wa bendi alikuwa na mazoea ya kutaja majina ya watu katikati ya wimbo, na siku moja akaimba kwamba Matroni Oliva wa Iyunga ameingia, pamoja na mzee wa mpunga, wapigiwe makofi. Spika zile zilikuwa zinasikika hadi ng'ambo ya barabara, na ng'ambo ya barabara ndiko wanakokaa wanakwaya wenzangu.

Wiki iliyofuata tulikuwa jikoni mwa kanisa tukimenya viazi vya ugeni wa askofu. Nilitoka kumwaga maji, na niliporudi nikasikia kabla sijaonekana. Mmoja anasema wamemtaja kwenye spika, jina zima. Mwingine anauliza kama ni yule mwenye mashine Ubaruku. Wa tatu, mwenye sauti ya upole kuliko wote, anasema labda kaka yake hajui, na itakuwa vema ajue. Niliingia, nikaketi, nikachukua kisu, na viazi vikamenywa kwa kasi ambayo sijaiona tena kanisani. Siku chache tu baadaye kaka Luka akanipigia simu kutoka Iringa.

Kaka Luka ndiye mkubwa wetu, mzee wa kanisa, anakodisha viti na maturubai kwa ajili ya harusi na misiba pale Mlandege, na hakuna ukumbi Iringa nzima ambao hajaupanga viti. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema jina la baba yetu linatajwa baa, na kwamba yeye hanifikirii vibaya, ila mjane hana mtu wa kumsemea, kwa hiyo watu wanamsema. Aliona ni bora niombe uhamisho nirudi nyumbani, nikae na wifi, nipumzike. Nikamjibu, "Nimesikia, kaka." Kwetu Uheheni mtu akikwambia amesikia, amesikia tu, hajakubali kitu. Kaka analijua hilo vizuri, na simu ikakatwa kila mmoja akiwa amekasirika kwa adabu.

Kumbe hatari ya kweli ilikuwa inatoka kwingine. Mwezi wa sita mwenye bustani aliuza kiwanja kwa mtu wa kituo cha mafuta, migomba ikafyekwa, na Wazee wa Sweta wakabaki na vyombo vyao stoo. Kumbi za Mbeya zilikuwa zimeshachukuliwa na vijana wanaopiga muziki kwa kompyuta. Jumamosi tatu nilifua mapazia. Naweza kuyacheka sasa, lakini ilinikaa kifuani kwelikweli. Niliona namna miaka iliyobaki itakavyokuwa, na ilikuwa na harufu ya sabuni ya mche. Hatimaye kiongozi wa bendi, ambaye kwao ni Iringa, akasema wakipata ukumbi kule hata mara moja kwa mwezi, bendi haitakufa, na sisi wa mezani tutasafiri. Ambokile alikuwa anapita Iringa na lori la mchele. Mimi ndiye niliyesema, kwa mdomo wangu huu, "Ukifika Mlandege muone kaka Luka. Mwambie nimekutuma mimi."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa pwani atatucheka kwalo. Sisi wa nyanda hizi, Wahehe kwa Wanyakyusa, herufi ya "r" tumeikuta shuleni. Nyumbani haipo. Kwa hiyo mahali pa kukaa watu tunapaita mahali, na mahari ya kuolea mwanamke nayo tunaiita mahali. Mtu mwenye Kiswahili kilichonyooka angesema "mahali pakubwa" na "mahari kubwa", ukajua anazungumzia nini. Sisi tunasema mahali kubwa, mahali ndogo, mahali nzuri, yote sawasawa, na kwa kawaida tunaelewana kwa sababu hakuna anayekodi ukumbi na kuposa siku moja.

Sikuwepo siku ile, ila wifi Agnesi, mke wa kaka, alikuwa ameketi pale na kikombe cha chai, na ameniigizia mara nyingi. Ilikuwa Julai, na kwa baridi ya Iringa Ambokile na mdogo wake aliyekuwa anaendesha lori walikuwa wamevaa makoti. Walishusha gunia la mchele kama zawadi ya mwenyeji. Wanaume wawili wa makamo, makoti, gunia mlangoni: wifi anasema alikwenda kubadilisha kitenge kabla hata hawajafungua mdomo. Ambokile akasema ametoka Mbeya, ameagizwa na Oliva, naye Oliva amesema mwenye neno ni kaka. Kaka akaweka kikombe chini, akauliza ni neno gani.

"Nimekuja kuulizia mahali," akasema Ambokile.

Kaka akajiweka sawa kitini. Kisha akauliza kama wameshaelewana na mwenyewe. Ambokile akasema wameelewana kabisa, hata wenzao mezani wameafiki. Kaka akauliza anafikiria mahali ya namna gani. Ambokile akasema kubwa kiasi, isiyowaumiza, ila ingefaa iwe na umeme, na choo ya ndani, kwa sababu wana wazee. Kaka Luka, mwanaume ambaye sijamwona akilia hata msibani, alilengwa na machozi. Alielewa kwamba huyu bwana ataongeza nyumba juu ya ng'ombe, na atawatunza na wazee wa ukoo. Akauliza kwa sauti ndogo kama itatolewa mara moja. Ambokile akasema hapana, kila mwezi, hadi watakapochoka, na kaka akaona hilo nalo si aibu, wengi hutoa kidogo kidogo. Mwisho akamwambia kwamba jambo kama hili hawezi kuliamua peke yake, lazima ukoo ukae, arudi mwezi wa nane apewe jibu. Ambokile alirudi Mbeya akimsifu kaka yangu hadi nikachoka. Alisema hajapata kuona mtu anayekusanya ukoo mzima kwa ajili ya ukumbi. Mimi nilidhani kaka ameanza kuzeeka.

Jioni ileile wifi akanipigia. Akauliza kwa nini nimewaficha. Nikamwuliza nimewaficha nini. "Huyu bwana wako amekuja kuulizia mahali," akasema. Nikamwambia ndiyo, najua, mimi ndiye niliyemtuma. Wifi akauliza kama nimemtuma mwenyewe, kwa kinywa changu. Nikajibu kwamba angemtuma nani mwingine, na tena waharakishe, maana sisi huku tunaumia. Hapo wifi akapiga vigelegele simuni, na ndani ya vigelegele vile ndipo neno liliponigeukia. Nilikata simu nikaenda kugonga kwa Tuli. Nilipomsimulia tulicheka hadi tukashikilia ukuta. Kisha nikaona mwenzangu anacheka na mimi sicheki. Nilikuwa nimekasirika, na nilipotafuta sababu nikakuta kwamba nimekasirika kwa kuwa Ambokile alikuwa anatafuta ukumbi kweli. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na hofu. Ikiwa ningesema ni makosa, ukoo ungejua kwamba dada yao anakaa tu na mwanaume asiyemposa, na ningerudishwa Mlandege kupumzika. Ikiwa ningenyamaza, ningekuwa mke tena. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini katika ndoa yake sikuwahi kujua Jumamosi ni siku gani. Niliyataka mabega ya Ambokile, nasema wazi, nilikuwa na miaka hamsini na mbili na niliyataka. Na nilizitaka Jumamosi zangu. Tuli akapangusa macho akasema nisimwambie kitu, tumwache aingie mwenyewe tuone atatokaje. Siku hizi anawaambia watu kuwa wazo lile lilikuwa langu.

Mwezi wa nane tukakaa Mlandege, Tuli akiwa amenisindikiza, sebuleni kwa kaka, kwenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Mchele wa Ubaruku ulikuwa jikoni unaiva na kuku wa kienyeji wawili walikuwa wameshalipa gharama ya kikao. Shangazi yetu, dada wa baba, alikuwa ameletwa kutoka kijijini, miguu imefunikwa blanketi, masikio yake yakisikia anachotaka. Ambokile aliingia na koti lake, na mfukoni mwa koti nikaona kichwa cha futi ya kupimia. Alikuwa amekuja kupima ukumbi. Kaka akaomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mgeni na nia yake njema, na Ambokile akasema amina kwa sauti kuliko watu wote. Ndipo Shangazi akamwuliza kama kwao Unyakyusa wanatanguliza ng'ombe au wanatanguliza jembe.

"Ng'ombe wa nini, mama?" akauliza Ambokile.

"Wa mahali," akasema Shangazi.

Niliona neno likimwingia. Alimtazama Shangazi, akautazama mlango ambako harufu ya kuku ilikuwa inatokea, akamtazama kaka aliyekuwa amevaa tai, kisha akanitazama mimi. Mkono wake ukaisukuma futi ndani ya mfuko taratibu. Ningeweza kumwokoa, nami sikumwokoa. Akaomba kwa upole kama anaweza kusema na mimi kidogo nje, na kaka akataka kukataa, lakini Shangazi akasema waacheni, wameshazeeka hao, watapotelea wapi.

Barazani kulikuwa na upepo ule wa Iringa unaokata masikio, na viti vya kaka vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hadi darini. Ambokile alisimama akivitazama kwa muda.

"Oliva, mimi nilikuja kutafuta ukumbi," akasema.

"Najua."

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile uliyotoka hapa."

Nilidhani atakasirika. Alitoa leso, akapangusa mikono, nami nilijua maana ya leso ile. Akasema yeye ni mtu mwoga, alikuwa amejiambia kwamba mtu akishapata meza, muziki na mwenzake wa kumpa ngozi, asiombe zaidi asije akanyang'anywa vyote. Akaniuliza akiingia ndani akasema amekosea neno, Jumamosi tutakaa tena meza moja? Nikamwambia sisi tutakaa, wakituachia. Akauliza, "Na nikisema sijakosea?" Nikamwambia aingie aseme, na mimi nikiulizwa nitajibu langu. Sikumwambia ni lipi, kwa kuwa nilikuwa bado sijalipata.

Tulirudi ndani, nikaketi. Ambokile hakuketi. Alisema, "Wazee wangu, nilikuja kuomba mahali, na bado naiomba. Halafu, kama ukoo utaona vema, naomba na mahali."

Kaka alimtazama, akamtazama wifi, akauliza kama hiyo ni moja au mbili. "Mbili, mzee," akasema Ambokile. "Moja ni ya bendi. Ya pili ni ya huyu," na akanielekeza kwa kidevu. Ikabidi aeleze yote, bustani iliyouzwa, masweta, lori, na alipofika kwenye umeme na choo ya ndani wifi alijifunika uso kwa kitenge na mabega yake yakaanza kutikisika. Kaka Luka alijitahidi kubaki mzee wa kanisa. Alifika hadi kwenye "kila mwezi, hadi tutakapochoka", kisha akashindwa, akacheka hadi tai ikahamia begani, na sisi sote tukafuata. Alipopumua akasema kuhusu ukumbi asijisumbue, uwanja upo nyuma ya nyumba, maturubai anayo, na umeme ataufikisha, ila nyimbo zisitaje majina ya watu. Halafu akafuta macho, akanigeukia kama kaka.

"Oliva, umeyasikia. Unasemaje?"

Ni hapo Tuli anapowaambia watoto kuwa nililia. Nilikuwa na karanga mdomoni, nikazimeza. Nilimtazama Ambokile, mikono yake mirefu haijui pa kukaa, nikamwona akitaka jibu kama mtu mwenye kiu, na nikaona kwamba nikikubali bila kusema lile moja nitamchukia kidogo kila wiki hadi nife. Nikasema nakubali. Nikasema mahari mtapokea nyinyi, ng'ombe, jembe, chochote mtakachopatana, mimi sitatia neno, na siku sita nitakuwa mke kama wanavyokuwa wake. "Lakini Jumamosi haimo," nikasema. "Jumamosi hamkuizaa nyinyi, na yeye hainunui."

Kaka alifungua mdomo. Aliweza kusema tu kwamba mwanamke aliyeolewa, siku zake... na hapo akakatizwa. Shangazi, aliyekuwa kama amesinzia, akatoa mkono chini ya blanketi akauweka juu ya goti la kaka. Mwanamke yule alikuwa ameolewa miaka sitini, na sijui kwa muda wote huo aliwahi kuwa na siku ngapi za kwake.

"Luka," akasema, "mtoto amesema. Haimo."

Ambokile akasema haimo. Wifi akaleta maji ya kunawa.